Wengi Wape, Lakini Wengi ni Nani? Lugha ya Uchaguzi na Haki ya Uwakilishi katika Majimbo ya Mara

1.0 Utangulizi

Kila unapofanyika uchaguzi mkuu nchini Uingereza, huzuka upya mjadala kuhusu haki ya mfumo unaotumiwa na nchi hiyo kuwapata wabunge wake. Mjadala huo ulipamba moto zaidi Julai 2024. Chama cha Labour kilipata takribani asilimia 34 ya kura, kikatwaa viti 411 kati ya 650, yaani asilimia 63 ya Bunge. Chama cha Reform UK kilipigiwa kura zaidi ya milioni 4 na kupewa viti 5 tu, ilhali chama cha Liberal Democrats, kilichopata kura pungufu ya hizo, kiliambulia viti 72. Wasomi wa Afrika Mashariki wameuzoea mno mjadala huu hata huusoma kama habari za ng'ambo. Husahaulika kwamba mfumo unaolaumiwa London ndio huo huo unaotumika Musoma, Bunda na Butiama.

Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, suala la haki ya uwakilishi nchini Tanzania limefunikwa kwa kiasi fulani na msamiati wenyewe tunaoutumia kulijadili: wengi, kura, mbunge, jimbo, viti maalumu. Pili, msamiati huo ukifumuliwa, itaonekana kwamba Katiba ya nchi tayari inatambua kanuni ya uwiano wa kura, ila imeiweka mahali ambapo mpiga kura haioni na wala haiamulii. Mkoa wa Mara umeteuliwa kuwa uwanja wa mfano kwa sababu historia yake ya uchaguzi imegusa karibu kila kipengele cha suala hili.

2.0 Wengi na wengi zaidi

Msemo unaotumiwa mara nyingi kuitetea demokrasia kwa Kiswahili ni "wengi wape". Ni msemo mzuri, lakini hausemi wengi ni nani. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu huweza kusema kwamba mgombea fulani ameshinda kwa "wingi wa kura" bila kubainisha iwapo amepata zaidi ya nusu ya kura zote au amepata tu kura nyingi kuliko kila mmoja wa wapinzani wake. Hizi ni dhana mbili tofauti, na tofauti yake ni kubwa kisiasa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika jimbo moja la Mara, kati ya kila wapiga kura 100, mgombea wa kwanza anapata kura 38, wa pili 35 na wa tatu 27. Wa kwanza hutangazwa mshindi, na wananchi huambiwa kwamba wengi wamepewa. Kwa hakika waliopewa ni 38, na walionyimwa ni 62. Hapa msemo wa wahenga unatumika kuhalalisha jambo ambalo haukulikusudia.

Kwamba suala hili si la maneno matupu, linathibitishwa na historia ya Katiba. Uchaguzi wa rais wa mwaka 1995 ulifanyika chini ya sharti la mshindi kupata zaidi ya nusu ya kura halali. Mabadiliko ya Kumi na Tatu ya Katiba ya mwaka 2000 yaliliondoa sharti hilo, na tangu hapo mshindi ni yule aliyepata kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote. Kiisimu, neno "zaidi" lilihama kutoka mbele ya "nusu" kwenda nyuma ya "nyingi". Kisiasa, ulegezaji huo ulimwezesha mtu kuiongoza nchi ingawa wengi wa wapiga kura hawakumtaka. Inafaa taaluma ya istilahi iwe na jozi ya maneno yasiyochanganywa. Makala haya yanatumia "wingi kamili" kwa zaidi ya nusu, na "wingi wa kulinganisha" kwa kura nyingi kuliko za kila mpinzani.

Neno "kura" nalo lina historia ya kufikirisha. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kitu kinachorushwa au kuchukuliwa ili bahati iamue. Maana hiyo ingali hai: wachezaji hupiga kura kuamua nani aanze, na katika tafsiri za Biblia askari huyapigia kura mavazi. Maana ya hiari ya mwananchi ilikuja baadaye. Pale ambapo wagombea ni wengi na mshindi anapatikana kwa wingi wa kulinganisha, matokeo hutegemea sana jinsi wapinzani walivyogawana kura. Hapo ile maana kongwe ya bahati hurejea kimyakimya chini ya maana mpya.

3.0 Urithi na namna ulivyopokewa

Ni muhimu kukumbuka kwamba mfumo huu haukuchaguliwa na Watanganyika. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mwaka 1958 na 1959, uliendeshwa kwa utaratibu uliojulikana kama kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia wasiofika laki moja na Wazungu wapatao elfu 20. Sharti la kupiga kura lilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika wadhifa uliotambuliwa. Walioandikishwa hawakufika laki moja.

Katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwashawishi wajumbe wakubali kuingia katika uchaguzi huo. Hoja haikuwa kwamba utaratibu ule ulikuwa wa haki. Ilikuwa kwamba chama kikiususia kitawaachia wengine Baraza, na kwamba kikishiriki kitaweza kuubadilisha kutoka ndani. Historia ilimpa haki: mwaka 1960 kura tatu haikuwapo tena, na TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kwa mintarafu hii, utaratibu wa uchaguzi ulipokewa kama chombo cha muda cha kufikia uhuru. Kuuchukulia leo kama amana isiyoguswa ni kwenda kinyume na fikra ya waliouingia.

Waingereza wenyewe hawakuuchukulia hivyo. Hadi mwaka 1832 kilima cha Old Sarum, kilichokuwa hakina wakazi wa kutosha hata kuitwa kijiji, kilipeleka wabunge wawili London, huku miji mikubwa ya viwanda ikiwa haina hata mmoja. Hali hiyo nayo ilitetewa kwa jina la mapokeo. Bunge la Scotland, lililoundwa mwaka 1999, lilipewa mfumo wa mseto unaounganisha wabunge wa majimbo na wabunge wa uwiano. Ni kweli kwamba katika kura ya maoni ya Mei 2011 theluthi mbili ya waliopiga kura Uingereza walikataa utaratibu mbadala waliopewa. Hata hivyo, waliulizwa, na huko kuulizwa ndiko ambako mpiga kura wa Musoma hajawahi kukupata.

4.0 Funzo la mwaka 1995

Katika kipindi cha chama kimoja, kuanzia uchaguzi wa 1965, kila jimbo kwa kawaida lilikuwa na wagombea wawili walioteuliwa na chama, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Uhuru wa kuchagua itikadi haukuwapo, na kasoro hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini wagombea wakiwa wawili, mshindi hupata wingi kamili bila ya sharti lolote la kisheria. Mawaziri waliangushwa, akiwamo Paul Bomani mwaka 1965, na walioangushwa hawakuweza kusema kwamba kura za wapinzani wao zilikuwa chache kuliko za waliowakataa.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, kilibadilishwa kiungo kimoja tu cha utaratibu huo. Idadi ya wagombea ilifunguliwa, lakini kanuni ya kumpata mshindi iliachwa kama ilivyokuwa. Matokeo yake yalionekana katika uchaguzi wa wabunge wa 1995. CCM ilipata takribani asilimia 59 ya kura na viti 186 kati ya 232 vya majimbo, yaani asilimia 80. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura na viti 16. CUF ilipata asilimia 5 ya kura na viti 24. Ukigawanya kura kwa viti, kiti kimoja cha NCCR-Mageuzi kiligharimu karibu kura elfu 88, cha CCM elfu 20 na nusu, na cha CUF elfu 13 na nusu.

Takwimu hizi zinaonyesha kwamba mfumo huu hauvionei vyama vidogo kwa udogo wao. Unaionea kura iliyotawanyika na kuizawadia kura iliyokusanyika mahali pamoja. CUF ilikusanya kura zake Zanzibar, hasa Pemba. NCCR-Mageuzi ilikuwa na wafuasi karibu kila mkoa wa Bara. Chama kilichojitahidi kuwa cha kitaifa kiliadhibiwa, na chenye ngome ya mahali pamoja kilineemeka. Kwa nchi iliyojenga umoja wake kwa kupinga siasa za ukanda, huu ni motisha wa hatari.

Bunda ilikuwa miongoni mwa majimbo ambako NCCR-Mageuzi ilivuka kizingiti hicho. Stephen Wasira, aliyekuwa amehama CCM, alimshinda Joseph Sinde Warioba, Waziri Mkuu wa zamani, na mgogoro wa matokeo hayo ukafikishwa mahakamani. Mwaka 2010 Musoma Mjini nayo ilimchagua mbunge wa Chadema, Vincent Nyerere, na mwaka 2015 ikarejea CCM. Wananchi wa Mara, basi, hawawezi kusemwa kuwa ni wapiga kura wa mazoea. Wamewahi kuamua vinginevyo, na wamewahi kubadili tena uamuzi wao. Swali ni iwapo sauti za wale walioshindwa katika kila awamu zilifika popote.

5.0 Jimbo: ardhi au watu?

Zamani za ukoloni "jimbo" lilikuwa eneo kubwa la utawala, na Mara ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa. Leo neno hilo ni eneo la uchaguzi, na makanisa hulitumia kwa maeneo yake ya kiutawala. Katika matumizi yote hayo jimbo ni ardhi yenye mipaka, wala si hesabu ya watu. Huenda ndiyo maana wananchi hukasirika upesi mpaka wa jimbo unaposogezwa, lakini ni wachache wanaouliza kila jimbo lina watu wangapi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3 mkoani Mara na karibu milioni 1.9 Zanzibar yote. Katika uchaguzi wa 2020 Mara ilikuwa na majimbo 10, na Zanzibar majimbo 50 ya Bunge la Muungano. Kwa wastani, mbunge wa jimbo la Bara alikuwa na watu wapatao laki mbili na elfu themanini, na wa Zanzibar elfu thelathini na nane.

Tofauti hii isisomwe kwa haraka. Zanzibar iliingia katika Muungano mwaka 1964 ikiwa dola, na mshirika mdogo anastahili kinga dhidi ya kumezwa. Wanaoitetea idadi hiyo wana hoja ya msingi, na makala haya hayaipingi. Kinachodaiwa ni kwamba kinga ya mshirika na usawa wa kura ni maadili mawili tofauti, na nchi nyingi za muungano huyapa mabaraza mawili: moja la watu, jingine la washirika. Tanzania imeyaweka yote katika Bunge moja, kisha imeendelea kulitaja Bunge hilo kana kwamba kila mjumbe wake amebeba mzigo sawa.

6.0 Viti maalumu: uwiano uliofichwa

Tufikie sasa kiini cha hoja. "Mbunge" ni jina linalotokana na nyumba anamokaa: ni mtu wa bunge. "Mwakilishi", neno linalotumiwa na Baraza la Zanzibar, linatokana na wakili: ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwingine. Jina la kwanza linaeleza alipo; la pili linaeleza alikotumwa. Upungufu wa jina la kwanza hufidiwa na jimbo, ndiyo maana husemwa "mbunge wa Musoma Mjini" au "mbunge wa Butiama". Mbunge wa viti maalumu hana fidia hiyo. Yeye ametajwa kwa kiti mara mbili, na watu hawamo katika jina lake.

Lakini watu wamo katika hesabu. Kwa mujibu wa Ibara ya 78 ya Katiba, viti vya wanawake hugawiwa kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kimepata katika uchaguzi wa wabunge, mradi kimefikisha angalau asilimia 5. Kwa hiyo karatasi moja anayoitumbukiza mama wa Bunda katika sanduku huhesabiwa mara mbili: kwanza kwa ajili ya mgombea wa jimbo lake, kisha kwa ajili ya orodha ya chama ambayo hakuiona. Mwaka 2020 kura zile zile zilizotangazwa zilikipa Chadema jimbo moja tu, na kwa kipimo cha uwiano zikakipa viti maalumu 19. Matokeo ya uchaguzi huo yalipingwa vikali na upinzani. Lakini hata yakichukuliwa kama yalivyotangazwa, yanaonyesha nchi moja, siku moja, ikiipima kura moja kwa mizani mbili zisizokubaliana.

Yaliyofuata yaliigusa Bunda moja kwa moja. Ester Bulaya, aliyemshinda Wasira katika jimbo jipya la Bunda Mjini mwaka 2015, alishindwa mwaka 2020. Novemba mwaka huo alikuwa miongoni mwa wanawake 19 walioapishwa kwa viti maalumu vya Chadema. Chama kilidai hakikuwateua, kikawavua uanachama. Wao waliupinga uamuzi huo, wakaendelea kuwa wabunge. Makala haya hayakusudii kuamua nani alikuwa na haki. Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa miaka yote hiyo ugomvi ulikuwa kati ya wabunge, chama, Bunge na mahakama. Wapiga kura, ambao kura zao ndizo zilizovizaa viti vile, hawakuwa na mahali pa kusimama katika shauri lile. Hawakuwahi kuonyeshwa majina. Wangeweza vipi kusema yapi ni yao?

7.0 Pingamizi na majibu

Watetezi wa mfumo uliopo hutoa hoja tatu zenye uzito. Ya kwanza ni ukaribu. Mwananchi wa Butiama anamjua mbunge wake, humwona msibani, humdai maji na barabara. Orodha ya chama haimpi mtu wa kumdai. Hoja hii ni sahihi, na ndiyo sababu haipendekezwi hapa kufuta majimbo. Mfumo wa mseto huyabakiza majimbo na kuongeza viti vya kusawazisha. Lesotho iliufuata mwaka 2002, baada ya uchaguzi wa 1998 ambapo chama kilichopata takribani asilimia 61 ya kura kilitwaa viti 79 kati ya 80, nchi ikaingia katika machafuko.

Ya pili ni hofu ya ukabila. Mara ni mkoa wa Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Waluo, Wangoreme na wengineo, na inahofiwa kwamba uwiano utazaa vyama vya makabila. Lakini takwimu za 1995 zinaonyesha kinyume: ni wingi wa kulinganisha unaovizawadia vyama vyenye ngome za mahali. Uwiano wenye kizingiti cha kitaifa, kama kile cha asilimia 5 kilichomo katika Katiba, hukilazimisha chama kutafuta kura nje ya kwao.

Ya tatu ni nzito zaidi: kwamba hesabu si kitu pale ambapo ushindani wenyewe haupo. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila ya wagombea wa Chadema, chama kikuu cha upinzani, huku kiongozi wake akiwa kizuizini, na uliandamana na ghasia na vifo. Hakuna kanuni ya kugawa viti inayoweza kuponya jeraha la namna hiyo, na anayedai kwamba ipo anadanganya. Hata hivyo, hoja hii isitumiwe kuahirisha mjadala. Mfumo unaompa mshindi karibu kila kitu humfanya kila mshindani aone kwamba kushindwa ni kufutika. Palipo na hofu hiyo, kishawishi cha kuuzuia ushindani huwa kikubwa.

8.0 Hitimisho

Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na yule yule Warioba aliyeshindwa Bunda mwaka 1995, ilipendekeza katika rasimu yake ya Desemba 2013 kwamba viti maalumu viondolewe, kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, mgombea binafsi aruhusiwe, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Mwaka huo huo, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitamka kwamba kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama ni kukiuka haki. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliacha baadhi ya mapendekezo ya Tume, na kura ya maoni iliyoahidiwa haikufanyika.

Pendekezo la makala haya ni dogo kuliko hayo. Kwa kuwa kura ya mwananchi tayari inahesabiwa mara mbili, basi na ipigwe mara mbili. Karatasi ya kwanza iwe ya mbunge wa jimbo. Karatasi ya pili iwe ya orodha ya chama, yenye majina yaliyotangazwa kabla ya siku ya uchaguzi, na viti vyake vitolewe kwa uwiano. Orodha hiyo ikiendelea kuwa ya wanawake, angalau watakuwa wabunge waliochaguliwa kwa majina yao, na hakuna atakayeweza kuwaita wabunge wa kupewa.

Wanaisimu nao wana wajibu wao. Kamusi na istilahi za siasa zitenganishe wingi kamili na wingi wa kulinganisha, na vitabu vya uraia vimweleze mwanafunzi wa Musoma kwamba kura yake ina safari mbili. Wahenga waliposema wengi wape, waliongeza kwamba usipowapa watachukua kwa mikono yao. Sehemu hiyo ya pili ya msemo hutajwa mara chache majukwaani. Baada ya Oktoba 2025, haifai tena kuachwa.